Sauti Yangu Katika Kesi ya Mzee Gaspari

Niliposoma kwamba Mzee Gaspari amefariki, nilikuwa kwenye foleni ya chakula katika hospitali ninayofanyia kazi hapa Houston, nimeshika sahani ya wali na kuku, na mtu wa nyuma yangu akaniomba nisogee kwa sababu foleni ilikuwa imeenda na mimi nimebaki. Ujumbe ulitoka kwenye kundi la simu la Warundi na Wakongo wa Dallas, ambalo sikujitoa hata baada ya kuhama. Ulikuwa mfupi: mzee wetu amefia Burundi, matanga yako nyumbani kwa mjane wake Garland, misa ni Jumamosi. Watu walikuwa wameshaanza kuandika pole. Niliketi, nikaisukuma sahani pembeni. Wako watu ambao vifo vyao vinakuliza kwa sababu uliwapenda. Huyu nilimjua mwaka mmoja tu, na sehemu kubwa ya mwaka huo nilikuwa nimesimama ubavuni mwake nikisema "mimi" kwa niaba yake. Sikulia. Nilimkumbuka tu, kama ninavyomkumbuka kila ninaposikia mtu akisema "nimekubali", na katika hospitali watu husema neno hilo kila siku.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Habari za kwetu Uvira na za kambini nitaziacha, wenzangu wengi wameshazisimulia, na mwaka ninaousema haukuanzia huko. Ulianzia ghalani Garland, nilikofunga maboksi siku nne kwa wiki, pale msimamizi aliponiambia kwamba kuna ofisi inatafuta mtu wa Kiswahili. Ofisi yenyewe ilikuwa mahakama ya shirikisho, katikati ya jiji la Dallas. Kwa Kihispania wana mtihani mgumu na cheti chake. Kwa Kiswahili walinipigia simu, wakanihoji kidogo, wakaniamini. Nilivimba kichwa, nikiri. Nilinunua suti nyeusi ya mtumba, nikafupisha mikono mwenyewe kwa sindano, na wiki nzima nilikuwa nikijitazama kwenye kioo cha bafu nikisema "Mheshimiwa Jaji" hadi dada niliyeishi naye akaniuliza kama nimeposwa na jaji.

Karani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa na pipi za mnanaa mfukoni saa zote, ndiye aliyenifundisha jengo lile. Alinieleza kwamba hapa hawashughuliki na wezi wa kuku wala ugomvi wa mume na mke, hayo ni ya kaunti na ya jimbo. Hapa huja kesi za sheria za nchi nzima: mipaka, posta, benki, dawa zinazovuka kutoka nchi hadi nchi. Alinieleza kwamba majaji wako wa aina mbili. Kuna jaji mdogo, anayechaguliwa na majaji wenzake kwa miaka minane, naye ndiye wa kwanza kumwona aliyekamatwa, kumsomea haki zake na kuamua kama atangoja nyumbani au rumande. Halafu kuna jaji mwenyewe, anayeteuliwa na rais na kuthibitishwa na seneti, ambaye hana muhula. Anakaa mpaka afe au achoke, na hakuna mtu wa kumfukuza kwa sababu tu hakupenda hukumu yake. Kesi inapofunguliwa, mashine ndiyo inayochagua iende kwa jaji gani, kwa bahati nasibu, ili mtu asijichagulie. Niliyapenda haya. Nilitoka nchi ambayo jaji akipigiwa simu na mkubwa hukumu inabadilika, kwa hiyo jaji asiyeogopa simu ya mtu nilimwona karibu na malaika. Sijaacha kuyapenda, hata sasa. Ndiyo maana siwezi kumtupia lawama jaji wa Mzee Gaspari nikalala salama.

Na nilifundishwa kiapo. Kila siku ya kesi nilinyoosha mkono wa kulia nikaapa upya kwamba nitatafsiri kweli na kwa ukamilifu. Usiongeze, usipunguze, usishauri, usifanye urafiki, na unayoyasikia kwa sababu ya kazi usiyatoe nje. Ukimsemea mtu usiseme "anasema hakwenda", sema "sikwenda". Karani akanionyesha mwanamke aliyekaa mbele ya meza ya jaji na kimashine chake cha vitufe vichache, anayeandika kila neno linalotamkwa mahakamani. Huyo, akaniambia, anaandika Kiingereza tu. Kiswahili hakimfikii. Kwa hiyo mtu wako akiongea dakika kumi, kitakachobaki kwenye kumbukumbu za mahakama, kitakachosomwa na majaji wa rufaa na mtu yeyote baada ya miaka hamsini, ni maneno yako wewe. Nilidhani ananipa sifa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa akinionya.

Mzee Gaspari nililetewa mwanzoni mwa kiangazi, mbele ya jaji mdogo, katika chumba kisicho na dirisha. Alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini hivi, amevaa shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni, shati la misa. Alipoona uso wangu na kusikia Kiswahili kwenye vile vifaa vya masikioni alifumba macho, akashusha pumzi. Alikuwa Mrundi aliyetolewa kwao akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia, akaoa na kuzaa katika kambi za Kigoma, na Burundi yenyewe aliijua kwa masimulizi tu. Garland alifanya kazi kiwanda cha milango. Alikuwa na makaratasi ya ukaazi lakini hakuwa raia, kwa sababu mtihani wa uraia ulimshinda mara mbili. Kesi yake ilikuwa hivi: kifurushi kilitoka ng'ambo kwa posta, kimeandikwa jina lake, na ndani yake mlikuwa na vidonge vya kulevya. Maofisa walikigundua njiani, wakakiacha kifike nyumbani, Mzee Gaspari akakipokea mlangoni na kutia sahihi, na kabla hajafunga mlango walikuwa wameshaingia. Walipomuuliza ni cha nani alisema, "Ni changu." Jaji mdogo alimruhusu kungoja nyumbani, na faili likaangukia kwa jaji wa chumba cha juu.

Wakili wake alikuwa wa bure, mwanamke mweusi Mmarekani mwenye sauti ya chini na mafaili mengi kuliko meza. Tulikutana naye ofisini kwake mara tatu. Yaliyosemwa mle ndani sitayaandika hata leo. Nitakachosema ni kile ambacho Mzee Gaspari mwenyewe alikuwa akikisema mpaka kwenye lifti, mbele ya yeyote. Yeye alijua namna moja tu ya kesi, ile ya kambini, ambako Warundi walihama na wazee wao wa kuamua magomvi. Ukikosa, unasimama mbele ya wazee, watano au saba, unakubali kosa. Usipokubali, unaendelea kuulizwa hadi jua linazama. Ukishakubali, wanashauriana, mmoja baada ya mwingine anasema neno lake, wanakukaripia kisawasawa, kisha wewe mwenye kosa unaleta kinywaji, mnakunywa wote pamoja, na tangu siku hiyo hakuna mtu anayeruhusiwa kulitaja tena jambo lile. Na kosa lililofanyika chini ya paa lako ni lako, awe amelifanya mtoto au mpangaji. Mkubwa wa nyumba ndiye anayesimama. Alinieleza haya kwa furaha, kama mtu anayemweleza mgeni mchezo anaoujua vizuri. Mimi nikatabasamu, nikasema, "Muulizeni wakili, mzee," kwa sababu hilo ndilo jibu pekee nililoruhusiwa.

Siku ya kukiri kosa tulifika mapema mno. Ukumbi wa nje ya chumba cha mahakama una mabenchi ya mbao nyeusi na zulia nene linalomeza nyayo, na ukikaa pale unasikia mpaka mtu anavyomeza mate. Mimi nilikaa benchi la mwisho na chai yangu ya chupa na andazi nililofunga kwenye karatasi. Mzee Gaspari na mkewe, Mama Fabrice, walikaa hatua chache kutoka kwangu. Mtoto wao Fabrice, kijana wa miaka kumi na tisa aliyeletwa Marekani akiwa mdogo na aliyekuwa amejiandikisha chuo cha uuguzi, alisimama mbali dirishani na mgongo wake kwetu. Wakaanza kusemezana kwa Kirundi, mume na mke, polepole lakini bila kujificha, kwa kuwa mkalimani alikuwa wa Kiswahili.

"Utamficha mpaka lini?" Mama Fabrice alisema. "Si wewe uliyeviagiza. Hata hukujua mle ndani mna nini."

"Nyamaza. Walikuja na jina langu."

"Ameandika jina lako kwa kompyuta yake. Waambie hivyo."

"Nikiwaambia watamchukua yeye, na shule yake imekwisha. Mimi nikikubali, yataisha leo. Mimi ndiye mwenye nyumba."

"Na yasipoisha?"

"Wazee wakishasikia mtu amekubali, wanafanya nini tena?"

Mimi Kirundi nakisikia vizuri. Bibi aliyenilea alikuwa wa Bujumbura, na Uvira na Bujumbura zinatazamana. Lakini katika miaka ile ya vita kwetu, kuonyesha kwamba unasikia lugha fulani kungeweza kukuua. Ukiwa sokoni au kwenye kizuizi cha barabarani, mtu alikurushia neno la Kirundi ghafla kukupima, akitazama jicho lako kama litashtuka. Nilijifunza nikiwa mdogo kuacha uso wangu ubaki kama ulivyo. Nilipojaza fomu ya mahakama, penye lugha niliandika Kiswahili na Kifaransa, kalamu ikasimama, nikaendelea na mstari unaofuata. Hakuna aliyekuwa akinitisha Dallas. Ni mazoea. Basi na siku ile, pale benchini, niliacha uso wangu ubaki kama ulivyo, nikaendelea kutafuna andazi. Mlango ukafunguliwa, tukaitwa.

Jaji alikuwa mwanamke wa nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na nitamtendea haki: hakuwa na haraka. Wapo wanaoyasoma maswali yale kama rozari ya asubuhi. Yeye aliweka karatasi chini akamtazama mtu. Umesoma hadi wapi, unatumia dawa yoyote, umeridhika na wakili wako, kuna mtu amekutisha, kuna mtu amekuahidi kitu. Unaelewa kwamba una haki ya kesi mbele ya baraza la raia kumi na wawili, na kwamba ukikiri leo baraza hilo halitakaa? Unaelewa kwamba katika makubaliano uliyotia sahihi umeacha haki ya kukata rufaa, isipokuwa kwa sababu chache? Unaelewa kwamba wewe si raia, na kosa hili linaweza kukufanya uondolewe nchini? Kila swali nililigeuza, na kila mara Mzee Gaspari alijibu "Naelewa" huku ameinamisha kichwa, mikono imekutana mbele, kwa adabu ya mtu aliyeanza kupumua. Kisha jaji akamwambia aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokifanya.

"Kosa limetoka katika nyumba yangu," alisema Mzee Gaspari. "Mimi ndiye mkubwa wa nyumba ile. Nimelikubali mbele yenu, wazee, naomba liishe."

Nililitafsiri neno kwa neno. Jaji hakuridhika, na nilifurahi, Mungu ananiona, moyo wangu uliruka kwa matumaini. Akasema, "Sikuulizi nyumba, bwana. Nakuuliza wewe. Ulipokipokea kifurushi, ulijua kuna nini ndani?" Mzee Gaspari aliinua uso. Akageuza kichwa kidogo, akatazama mstari wa pili, alipokaa Fabrice. Alimtazama mpaka yule mwandishi akainua vidole kutoka kwenye mashine yake. "Nilijua," akasema. Na mimi, kwa Kiingereza safi, nikasema kwamba nilijua. Jaji hakumwangalia tena yeye. Aliniangalia mimi. Akauliza kama mkalimani ana tatizo lolote la lugha, kama kuna jambo lolote linalohitaji kufafanuliwa. Nilikuwa nimesimama karibu na Mzee Gaspari kiasi cha kusikia harufu ya sabuni ya shati lake. Ningeweza kuomba dakika moja niseme na wakili pembeni, wakalimani huomba kila siku, hakuna anayeshangaa. Nikasema, "Hapana, Mheshimiwa Jaji." Haikuwa uongo. Lugha ilikuwa imepita salama, kila neno mahali pake. Jaji akatamka kwamba mshtakiwa amekiri kwa hiari yake na kwa kuelewa, na kwamba adhabu itasomwa baada ya miezi minne.

Nimeyarudia mawazoni maneno niliyoyasikia benchini mara nyingi kuliko sala. Nimejitetea pia, kwa ustadi kuliko wakili yeyote: kwamba yalikuwa ya mke na mume, hayakuelekezwa kwangu; kwamba mkalimani si shahidi; kwamba kama ningesema, mtoto angekamatwa na baba yake angenilaani. Yote ni kweli. Lakini ninapokuwa peke yangu kwenye gari najua kwamba siku ile sikuwaza lolote kati ya hayo. Niliwaza suti yangu. Niliwaza kwamba nikifungua mdomo watauliza kwa nini kwenye fomu sikuandika Kirundi, wataniita mwongo, na nitarudi kwenye maboksi siku saba kwa wiki.

Tulipotoka, wakili alikimbilia kesi nyingine ghorofa ya chini. Sisi tukaenda mpaka kwenye maegesho. Mzee Gaspari akafungua buti ya gari lake, na mle ndani mlikuwa na kreti nne za kinywaji cha malta, zimefunikwa kitenge kipya. "Binti yangu," akaniuliza, "hizi za wazee tunazipitishia mlango gani?" Kreti mbili zilikuwa za jaji, moja ya mwendesha mashtaka, moja ya wakili. Nikawafikiria walinzi wa mlangoni, nikamfikiria na yeye akiwapelekea vinywaji vya jaji siku ya kesi yake. Nikamshika mkono nikamwambia hapana mzee, huku ni kosa, hawapokei. Huo ulikuwa ushauri, na ulikuwa wa kwanza na wa mwisho niliompa. Alishangaa kidogo, kisha akacheka. "Basi wamenisamehe bila kinywaji. Hawa ni watu wazuri. Twende tukanywe wenyewe."

Nilikwenda. Ndiyo, nilivunja sheria ya kutofanya urafiki, nikala nyumbani kwa mshtakiwa. Kwa hiyo nisijifanye mtu aliyeshika sheria zote. Nyumba yao Garland ilikuwa ya vyumba viwili na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na mchana ule ilijaa majirani. Kulikuwa na sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa kwa mawese, maharage, ndizi, na dagaa waliotoka Kigoma kwenye sanduku la mtu. Mzee Gaspari alisimama na chupa ya malta, akashukuru, akasema jambo limekwisha na kuanzia leo asiwepo mtu wa kulitaja. Watu wakapiga makofi. Fabrice hakula, alikuwa akibeba sahani kutoka na kuingia jikoni, zikiwemo ambazo watu hawajamaliza. Nilipokwenda kunawa mikono, Mama Fabrice alinifuata, akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, "Dada, eti kweli yamekwisha?" Nilijua miezi minne. Nilijua ofisa atakayeandika ripoti juu ya maisha yake yote, nilijua kitabu cha viwango vya adhabu, nilijua idara ya uhamiaji inayongoja nje ya mlango wa gereza. Wakili alikuwa amewaeleza yote hayo kupitia mdomo wangu, na wote wawili waliyasikia kama karipio la wazee. Nikajifuta mikono. "Muulizeni wakili, mama," nikasema.

Siku ya adhabu ilikuwa ya baridi, na Mzee Gaspari alikuja na koti la kuazima. Jaji alizungumza kwa muda mrefu. Alisema amesoma ripoti, amesoma barua ya padri na ya kiwandani, anaona mtu ambaye hakuwahi kukosa, na kwamba vidonge vile vinaua watoto wa watu katika jiji hili. Kisha akasema miezi thelathini. Nikasema miezi thelathini. Mzee Gaspari alingoja. Aliendelea kumtazama jaji kwa heshima, halafu akatazama kushoto na kulia kwake, kwenye viti vitupu, akaniuliza kitu. Chochote kinachosemwa mle ndani lazima kitafsiriwe, kwa hiyo nilinyoosha mgongo nikakisema kwa sauti, kwa Kiingereza: "Wengine wako wapi?"

"Wengine gani?" jaji akauliza.

"Wazee wengine. Huyu mama amesema neno lake. Wengine hawajasema."

Jaji akavua miwani. Mahakama za nchi hii anazijua kuliko sisi sote: juu yake kuna wale wa rufaa wa New Orleans wanaokaa watatu watatu na kushauriana, na juu yao wale tisa wa Washington. Wengine walikuwepo, kumbe. Mzee Gaspari aliwaacha kwa sahihi yake kwenye karatasi ya makubaliano, ukurasa wa nne, nami ndiye niliyemsomea. "Hakuna wengine, bwana," jaji akasema. "Ni mimi tu." Alilisema kwa upole, na nadhani lilimuuma. Nililigeuza. Mzee Gaspari akaniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu anayeniona mimi mwenyewe, siyo sauti iliyo sikioni mwake, na akaacha kuuliza. Polisi wa mahakama wakaja wakamsaidia kuvua koti la watu.

Kabla mwaka haujaisha nilikuwa nimehamia huku kusini, kwanza Houston, baadaye Pearland, na kazi ya mahakama sikuigusa tena. Nilisikia habari zake kwa vipande. Alimaliza kifungo, wakampeleka moja kwa moja kwenye kizuizi cha uhamiaji, kutoka hapo kwenye ndege, mpaka nchi aliyoiacha akiwa mgongoni. Aliishi huko miaka kumi na moja akilima shamba la kukodi. Nami katika miaka hiyo ilinitokea zaidi ya mara moja, nikiwa natafsiri kati ya daktari na mgonjwa, kuona shati jeupe pembeni ya jicho na kugeuka na kukuta pazia. Sisemi ni mzimu. Nasema niligeuka kila mara.

Jumamosi ile nilitoka Pearland alfajiri, nikafika Garland misa ikiendelea. Baada ya misa tulirudi nyumbani kwa mjane, nyumba ileile. Fabrice alinikuta jikoni. Sasa ana miaka thelathini na tatu, muuguzi, mnene kidogo, na macho ya baba yake. "Auntie Espe," akaniambia, "mimi nili-order ile transcript ya court. Nimeisoma mpaka imechanika. Kila mahali naona maneno yako. Nataka kujua yeye mwenyewe alisema nini." Hayo yalisemwa mahakamani wazi, si siri. Nikamwambia kwa Kiswahili, kama baba yake alivyoyatamka, kosa limetoka katika nyumba yangu, mimi ndiye mkubwa wa nyumba ile. Alisimama ameshika ukingo wa sinki. Akaniambia kwamba alishakwenda kwa wakili kuungama. Wakili alimjibu muda umepita, hakuna mtu wa kumshtaki tena, na aliyehukumiwa amekufa. "Hakuna court ya kunisikia. So nataka niwaambie hawa. Lakini Kiswahili changu ni cha kuomba chakula tu. Uta-interpret?"

Sebuleni walikuwa watu kama arobaini, Warundi na Wakongo, Mama Fabrice ameketi mkekani katikati ya wanawake. Fabrice akasimama, nami ubavuni mwake. Alisema kwa Kiingereza, vipande vifupi, nami nikavifuata. Mimi ndiye niliyeagiza kile kifurushi. Nilitumia jina la baba kwa sababu nilidhani hakuna atakayemshuku mzee. Baba hakujua kilichomo. Siku alipokiri nilikuwa nimekaa mstari wa pili, niliinuka nusu, nikakaa tena. Alipofika hapo sauti ikamkatika, akaketi sakafuni kando ya mama yake. Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Nilitakiwa nirudi nyuma ukutani.

"Sasa anayesema ni mimi, Espérance," nikasema. "Kirundi nakisikia. Siku ile nilikuwa kwenye benchi, mama, nikasikia uliyomwambia mumeo, kwamba si yeye. Jaji aliponiuliza kama kuna jambo, nilisema hapana."

Mama Fabrice aliinua uso polepole. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, miaka yote hiyo nilikuwa nimejiandaa. Akaniuliza kwa Kirundi, "Kila neno ulilisikia?" Nikamjibu kwa Kirundi kwamba kila neno.

"Mimi nilikuwa nimeshachoka kumwambia yeye," akasema. "Nilisema kwa sauti kusudi, nikitumaini katika jengo lile lote awepo mtu mmoja anayesikia. Nikakutazama wewe. Ulikuwa unakula andazi."